Bagamoyo kwa siku moja: asubuhi mnada wa samaki, jioni ngoma za tamasha

Kila mwaka naona kitu kile kile. Watu wanatoka Dar wanaenda tamasha la Bagamoyo, wanafika saa nane mchana wamechoshwa na foleni, jua linawaka, sokoni wamebaki samaki wa mwisho mwisho waliokwisha kushikwashikwa na kila mtu, wanatafuta kivuli wanakunywa soda wanapiga picha mbili tatu, alafu ngoma zikianza kunoga ndo na wao wanaanza kuulizana gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Inaniuma kwa kweli, maana ule mji unakupa siku nzima ya maana ukiufata mwendo wake, na mwendo wake unapangwa na vitu vitatu tu, maji ya bahari, jua, na ngoma. Mimi nimekwenda na watoto, nimekwenda na dada zangu, nimekwenda hata na mama mkwe ambaye hapendi kutembea, na naandika hapa jinsi ninavyofanya siku hizi baada ya kukosea sana huko nyuma.

Kwanza chagua siku, na uangalie mwezi

Tamasha lenyewe ni lile la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, wenyeji wengi bado wanaita tu chuo cha sanaa. Chuo kilianza 1981 na tamasha likaanza 1982, kwa hiyo ni la zamani kuliko wengi wanaokwenda kulicheza. Miaka ya karibuni limekuwa likifanyika Oktoba au Novemba, siku tatu nne hivi, tarehe wanatangaza wenyewe TaSUBa kwa hiyo usibebe tarehe ya mwaka jana ukaikaririsha. Kipindi hicho joto ndo linaingia na vuli nayo inanyemelea, unaweza kupigwa jua asubuhi ukalowa jioni.

Ukishajua tarehe, kabla hujachagua siku ipi kati ya hizo, angalia mwezi. Najua inaonekana kama mambo ya wazee lakini nisikilize. Dagaa na samaki wengi wadogo wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki vizuri usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mbalamwezi inaua nguvu ya taa, wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika siku hizo wanashona nyavu, na wewe ukifika asubuhi unakuta soko limepoa. Kwa hiyo kama una uchaguzi, siku za giza ndo zenye mali.

Kingine ni maji. Pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi sana, maji yakitoka yanakwenda mbali kabisa na vyombo vinabaki vimelala mchangani kama vimechoka. Hiyo ni sababu mojawapo hata Wajerumani waliuacha ule mji 1891 wakahamishia makao yao Dar es Salaam, meli kubwa zilikuwa hazisogei. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakuwa yamekupwa kwenye saa nne asubuhi hivi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, inakuwa kama kinyume chake. Inakusaidia nini? Ukitaka kuwapeleka watoto wakaone vyombo kwa karibu, waguse ngalawa, waokote kaa, utajua waende saa ngapi, na ukitaka kuogelea jioni utajua kama utakuta maji au matope.

Hatua ya pili, mfuko wa safari

Hapa sitaki kurefusha. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, kofia, kanga mbili (moja ya kukalia moja ya kujifunika jua au mvua, na ukiingia mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo unajifunga vizuri maana ni mji wa watu wa heshima, sio biichi), mkeka mdogo, kandambili za kukanyaga maji maana soko la samaki linalowesha, na pawabanki. Noti kubwa zivunje nyumbani. Hii naisisitiza, mama anayeuza mihogo asubuhi hana chenji ya elfu kumi na kijana wa bodaboda atakwambia hana hata kama anayo. Pesa ya simu inasaidia lakini siku ya tamasha mtandao unaweza kusumbua kwa wingi wa watu.

Kama unakwenda na gari yako beba deli lenye kifuniko kinachobana. Kama unakwenda na daladala usibebe, nitaeleza mbele kwa nini.

Watoto waandikie namba yako ya simu kwenye mkono, kwa peni, juu ya kiwiko kwa ndani ambapo jasho halifutiki haraka. Mwaka mmoja mtoto wa dada yangu wa miaka sita alifata sarakasi akapotea dakika kama ishirini, tukampata amekaa na mama mmoja muuza ubuyu ambaye alikuwa hajui ampigie nani. Dakika ishirini zile mpaka leo nikizikumbuka tumbo linanishika.

Hatua ya tatu, ondoka alfajiri

Ni kilomita kama sabini kutoka katikati ya jiji. Daladala za Bagamoyo zinapakia stendi ya Makumbusho, zinapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, unaingia. Ukitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri unaenda vizuri. Ukitoka saa mbili, foleni ya Mwenge mpaka Tegeta itakula asubuhi yako yote. Kaa upande wa kushoto ukienda, jua la asubuhi linapiga kulia. Ukishuka stendi kuna bajaji na bodaboda, sema tu "nipeleke soko la samaki" na mkubaliane bei kabla hujakaa.

Hatua ya nne, sokoni, na hapa usiwe na haraka

Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Soko liko ufukweni kabisa, karibu na forodha ya zamani ya Wajerumani. Ukifika salimia kwanza. Wazee shikamoo, wenzako habari za asubuhi, usiingie na "hii shi ngapi" kama umetumwa. Watu wa pwani wakikusikia umesalimia vizuri wanakuachia nafasi ukaona na wewe.

Mnada unakwenda hivi. Samaki wanashushwa kwenye chombo kwa ndoo na matenga, vijana wanaingia majini mpaka kifuani wanabeba kichwani. Wanamwagwa chini kwa mafungu, wakubwa peke yao, wa aina moja pamoja. Dalali anasimama juu ya fungu anaanza kutaja bei, anaipandisha harakaharaka, na ukimwangalia vizuri utaona haangalii mdomo wa mtu, anaangalia macho na vidole. Mwanamke mmoja amesimama nyuma kabisa anainua kidole kimoja tu, hasemi kitu, na fungu limekuwa lake. Kwa hiyo usikune kichwa hovyo ukiwa umesimama kwenye duara lile, na usinyooshe simu juu kupiga picha katikati ya mnada, omba kwanza, wengi wanakubali.

Wewe wa kwenda nyumbani na samaki watatu usishindane na wachuuzi kwenye mnada, wao ndo riziki yao na fungu zima hulihitaji. Una njia mbili. Moja, mkiwa wengi changeni, mwambieni mchuuzi mmoja awanunulie kisha mgawane, mpe chochote chake. Mbili, subiri mnada uishe ununue kwa mama aliyenunua fungu, ataongeza faida yake kidogo lakini utachagua mmoja mmoja.

Kuchagua: jicho liwe limevimba kwa nje na ling'ae, sio limezama na ukungu. Funua shavu, matamvua yawe mekundu ya damu, yakiwa kahawia acha. Bonyeza mgongo kwa kidole gumba, nyama irudi. Na nusa, samaki mbichi ananuka bahari hanuki samaki. Changu na tasi wanafaa kukaanga na kupaka, kolekole na nguru wa mchuzi wa nazi, vibua ni vya kila siku na bei yake inavumilika. Pweza kama unaona ngozi yake bado inabadilikabadilika rangi, huyo katoka majini sasa hivi.

Ukishanunua kuna vijana wanaopaa samaki pembeni, wanatoa magamba na matumbo kwa pesa ndogo, wape kazi hiyo. Usimsafirishe samaki na matumbo yake, hapo ndo anaanzia kuharibika.

Sasa kuhusu kubeba. Mwenye gari: barafu chini, samaki, barafu juu, funga, weka kwenye kivuli sio kwenye buti la gari lililopaki juani, na saa saba mchana mwaga maji yaliyoyeyuka uongeze barafu nyingine. Mwenye daladala: usinunue mbichi asubuhi. Mimi niliwahi kununua kibua wazuri kabisa, nikawafunga kwenye mifuko mitatu nikawaweka chini ya mkeka kwenye begi, nikasema jioni si mbali. Saa moja usiku ndani ya gari lililojaa, maji ya samaki yalichuruzika mpaka kwenye miguu ya mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe. Hakusema neno. Nilimwomba radhi na kumfutia kwa kanga yangu, lakini ile aibu sikuisahau, na samaki wenyewe nilifika nikawatupa. Tangu siku hiyo nikienda na daladala nanunua dagaa wakavu, au ng'onda (samaki waliopasuliwa wakakaushwa), au samaki waliokaangwa mpaka wakakauka, vinafungwa kwenye gazeti na havimsumbui mtu.

Alafu mle pale pale. Kuna wakinamama wana makarai ya mafuta, unampa samaki wako au unachagua kwake, anakukaangia mbele yako, na mihogo na pilipili na ndimu. Saa tatu asubuhi, samaki wa moto, miguu kwenye mchanga, bahari mbele. Kama siku nzima ikiharibika baada ya hapo bado nitakwambia ulikwenda vizuri.

Hatua ya tano, jua likiwa utosini tulia

Kati ya saa tano na saa tisa usijitese. Tembea Mji Mkongwe upande wenye kivuli, angalia milango ya kuchonga, pita Boma la Wajerumani, alafu nenda misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Njia ya kuingilia imepandwa miembe mikubwa, na kivuli cha miembe ile ndo sababu ya kwanza ya kwenda saa hizo. Kuna makumbusho ndogo, na kuna mnara ambapo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya kina Chuma na Susi kuubeba kwa miguu kutoka bara ndani kabisa. Watoto wangu kila tukifika wanauliza waliubebaje miezi yote ile, na mimi nafurahi kwamba wanauliza habari za waliobeba.

Kaole usiende siku hii. Najua utashawishika maana ni kilomita tano tu na bodaboda watakubembeleza, lakini magofu yale ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake yanahitaji asubuhi yao yenyewe, ukienda mchana na watoto wenye usingizi utaona mawe tu. Rudi siku nyingine.

Mama mkwe wangu hatua hii aliifanya kwa kulala juu ya mkeka chini ya mwembe saa mbili nzima, na jioni yeye ndo aliyekuwa na nguvu kuliko sisi wote.

Hatua ya sita, saa tisa na nusu ingia viwanja vya TaSUBa

Usisubiri usiku. Mwanzo wa jioni ndo vikundi vinawasili, wanavaa, wanajaribu sauti, na nyuma ya jukwaa utaona kitu ambacho jukwaani hakionekani. Tafuta moshi. Wapigaji wanawasha moto mdogo wa majani makavu au makaratasi wanapasha ngozi za ngoma zao. Mpigaji anaizungusha ngoma karibu na mwali, anaiondoa, anaigonga kwa vidole viwili, anaitega sikio, anarudisha. Mwanzoni mlio ni bubu, kama unagonga gunia. Inavyopata moto ngozi inakaza na mlio unapanda, unapanda, mpaka inafika mahali inasema wazi na yeye mwenyewe anatabasamu. Waite watoto wakae kimya wasikilize badiliko lile, ni somo kubwa. Usisogee ukawabana tu, na usiguse ngoma ya mtu bila kuomba.

Kwenye jukwaa chagua vya kuangalia, huwezi kuona vyote. Mimi hujiuliza kwanza kipi siwezi kukiona Dar kirahisi. Muheme wa Wagogo, wakinamama wamebana ngoma katikati ya mapaja wanapiga na kucheza kwa wakati mmoja, hicho siachi. Bugobogobo ya Wasukuma na majembe yao yakirushwa, watoto wanapiga kelele mpaka sauti inakauka. Sindimba ya Wamakonde unaijua lakini ukiiona inachezwa na wanafunzi wa pale waliosomea utaona tofauti. Na kikitangazwa kikundi chenye ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze (ala ya nyuzi) kaa karibu, maana ule muziki una mizizi Bagamoyo pia, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi na kufundisha pale na kufariki 2003, na ukoo wake umeendelea na kazi ile.

Ratiba ya karatasi inachelewa, jiandae kwa hilo. Saa kumi inaweza kuwa saa kumi na moja. Njaa isikukamate, pembeni kuna mishkaki, pweza, kashata, juisi ya ukwaju. Na kaa upande wa kando mbele badala ya katikati nyuma, ukiwa na watoto utatoka kwenda chooni mara nne.

Hatua ya saba, vitu vya sanaa vinunuliwe mwishoni, na kwa aliyevitengeneza

Zunguka mabanda yote mara moja bila kununua, uliza tu. Muulize mwenye kinyago kakichonga nani na kwa mti gani. Mpingo wa kweli ni mzito kwa udogo wake, na ukigeuza chini kwenye kitako ambako hakujapakwa kiwi utaona weusi wa mti wenyewe, na mara nyingi ukanda wa rangi ya mbao ya nje. Ukikuta chepesi kama mkate na rangi inakuachia kidoleni, kimepakwa, sio vibaya lakini lipa bei ya hicho. Michoro ya Tingatinga, ule mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga miaka ya mwisho ya 1960, inauzwa mingi, angalia mistari myembamba kwenye manyoya na majani, hapo mkono wa fundi unajulikana. Vikapu na mikeka ya ukili vuta pindo kidogo, ikishonwa vizuri hailegei.

Bei jadili kwa adabu, "nipunguzie kidogo basi kaka, nimetoka mbali" inatosha, lakini fundi akikwambia hii kazi nimeifanya wiki mbili usimkate nusu. Wengi mwaka mzima wanategemea siku hizi chache. Na chochote cha gamba la kasa acha, ni kosa kisheria na kasa wenyewe wamebaki wachache.

Kurudi

Hapa fanya uamuzi asubuhi, sio usiku. Ama unarudi na gari la saa kumi na mbili na nusu jioni, au unalala. Maonyesho makubwa yanapamba moto baada ya saa mbili usiku, na kukaa katikati, yaani kubaki mpaka saa tatu ukitumaini daladala, ndo kunakowaponza watu wanaishia kukodi gari kwa bei ya kulia. Ukiwa na watoto wadogo rudi, watakuwa wamejaa tayari. Ukiwa na wenzako watu wazima tafuta chumba wiki mbili kabla maana tamasha linajaza gesti zote, tena ukilala asubuhi yake unaamkia mnadani tena na hapo sasa nunua samaki wako wabichi kwa amani, unafika nao Dar saa nne.

Ukifika nyumbani samaki wasafishe maji ya kwanza, paka ndimu na chumvi, wale wa kesho friji wa baadae friza. Na kama ulinunua ngoma usiitundike ukuta wenye unyevu, ngozi italegea na mlio utakuwa bubu kama ule wa mwanzo kabla ya moto. Itoe juani dakika kumi kabla ya kupiga, igonge kwa vidole viwili, itege sikio.